Muulize Anko: Bosi anauza semina za UFO hifadhini bila kibali, mi dereva tu, ntapona?

Shikamoo Anko. Naomba unisaidie manake nimeshauliza watu wawili na kila mmoja ananambia lake. Niko Marekani, jimbo la Nevada, mwaka wa tatu huu, kazi yangu udereva. Kuna jamaa nimekutana nae anaendesha semina za kuwasiliana na UFO (vile vitu vya angani visivyojulikana ni nini), yani watu wanalipa dola 2,400 kila mmoja kwa siku tano, wanapelekwa jangwani upande wa California ndani ya hifadhi ya taifa, usiku wanakaa duara kwenye viti vya kukunja, wanafanya meditesheni, wanapiga leza juu angani, wanasubiri vyombo vije. Mi kazi yangu kuwatoa hotelini Las Vegas kwenye van ya watu 14 na kuwarudisha alfajiri, ananipa dola 180 kwa usiku, keshi. Safari iliyopita renja (askari wa hifadhi) alipita akauliza nyie kikundi gani, bosi akajibu ni marafiki tu tunaangalia nyota, na kabla ya hapo alishatwambia tukiulizwa wote tujibu ivo ivo. Hapo ndo moyo ulipoanza kunidunda. Nilipomuuliza habari za kibali akasema hii ni ardhi ya umma, ya wananchi wote, afu hela watu wamelipia mtandaoni sio ndani ya hifadhi, na isitoshe hii ni imani kama kanisa, huwezi kumdai mtu kibali cha kusali. Anko nna watoto wawili na makaratasi yangu bado yanashughulikiwa. Mi ni dereva tu, kweli hapo nna kosa?
*Dereva wa Usiku*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sehemu iliyonishtua sio viumbe wa anga za mbali, ni hapo bosi anapowafundisha watu cha kumjibu renja. Mtu anayeamini biashara yake ni halali hafanyi mazoezi ya majibu na abiria wake kwenye gari.

Sasa tuanze na hilo la ardhi ya umma manake ndo wimbo wa kila mtu anayetaka kupiga hela hifadhini. Ni kweli ni ya umma. Na we na mimi na bosi wako tunaruhusiwa kuingia, kulipa getini kama kuna ada, kukaa chini na kukodolea macho nyota mpaka shingo iume, hakuna wa kutuuliza unaamini nini. Renja hana shida na UFO kabisa, hata ukimwambia jana usiku umeongea na mtu wa Zohali atakutakia usiku mwema na kukukumbusha kufunga chakula vizuri wanyama wasije. Kinachobadilisha mambo ni ile dola 2,400. Kanuni iko kwenye juzuu ya 36 ya kanuni za serikali kuu, kifungu 5.3, na ni fupi kuliko barua yako: kufanya biashara au kutafuta wateja ndani ya hifadhi ya taifa bila kibali, mkataba au makubaliano mengine ya maandishi na serikali ni marufuku. Haisemi biashara ya aina gani. Yoga, kupiga picha za harusi, kuongoza watu kupanda miamba, kuita vyombo kutoka anga za juu, zote ndoo moja. Adhabu ya kuvunja kanuni za hifadhi inafika kifungo cha miezi 6, faini ya hadi dola 5,000, au vyote viwili.

Hiyo dola 5,000 inanichekesha kidogo na ntakwambia kwa nini. Stori yote ya kisasa ya UFO inaanzia tarehe 24/6/1947, rubani mmoja anaitwa Kenneth Arnold akiruka na ndege yake ndogo karibu na Mount Rainier, jimbo la Washington, mlima ambao ni hifadhi ya taifa tangu 1899, akaona vitu tisa vinang'aa vinakwenda kwa kasi ya ajabu, magazeti yakaokota maneno yake yakazaa jina la visahani vinavyoruka. Unajua alikuwa anazunguka pale kutafuta nini? Ndege ya jeshi iliyoanguka, na zawadi ya atakayeiona ilikuwa dola 5,000. Leo ukienda kuuza stori hiyo hiyo kwenye hifadhi bila kibali, bei ni ile ile ila mfuko unaotoka ni wako.

Haya, la hela kulipwa mtandaoni. Bosi wako anadhani amegundua mlango wa uani lakini huo mlango ulishafungwa zamani. Sheria ya 1998 ndo ilileta kibali kinachoitwa cha matumizi ya kibiashara, wenyewe wanafupisha CUA, na ndani yake imetajwa wazi biashara inayoanzia na kuishia nje ya hifadhi huku ikitumia hifadhi katikati, yani hasa hicho mnachofanya, hoteli Las Vegas, jangwani usiku, hotelini alfajiri. Hao ndo walengwa. Kibali hakizidi miaka miwili kwa mara moja, wanataka bima, wanataka kujua mnapita wapi na mko wangapi, na wakiona shughuli yenu itaharibu kitu wana haki ya kukataa au kuwawekea masharti. Nadhani hapo kwenye kukataa ndo bosi wako anapoogopa, sio kwenye ada.

La imani nalo nisilidharau manake lina ukweli ndani yake. Katiba yao inalinda kusali na kusema, na kanuni za hifadhi zinaruhusu kikundi cha watu 25 au pungufu kufanya mkesha au ibada kwenye maeneo yaliyotengwa kwa shughuli hizo bila hata kuomba kibali. Kwaiyo mkikaa watu 14 mkaomba, mkaimba, mkaita mnaowaita, bure, sehemu inayoruhusiwa, mko sawa. Ila ibada yenye bei, yenye tangazo la nafasi tatu zimebaki, yenye punguzo ukilipa mapema, hiyo mwanangu ni duka lililovaa kanzu.

Sasa wewe. Umesema mi dereva tu. Kanuni haikuandikwa kwa ajili ya bosi peke yake, inamgusa yeyote anayefanya biashara humo, na usiku saa nane mtu wa kwanza kuonekana ni aliyeshika usukani. Mara nyingi karatasi ya faini itaandikwa jina la mwenye shughuli, sikatai, lakini mambo mawili yako juu ya kichwa chako mwenyewe. La kwanza ni lile jibu la kufundishwa. Kumpa kwa makusudi taarifa za uongo renja anayechunguza uvunjaji wa sheria ni kosa linalojitegemea, lipo kifungu 2.32 cha juzuu ile ile, na hilo halina cha bosi wala dereva, aliyefungua mdomo ndo mwenye kosa. Ukiulizwa sema ukweli, au sema hupendi kujibu mpaka uongee na wakili, hiyo ni haki yako. Usiseme ni marafiki.

La pili hujaliuliza na kwangu ndo zito zaidi, hiyo van. Gari la abiria 9 mpaka 15 linalobeba watu kwa malipo na kuvuka mpaka wa jimbo, Nevada kwenda California, kampuni inatakiwa kuwa na namba ya USDOT (wizara ya usafirishaji ya Marekani), na kwa wanaobeba abiria kwa kukodiwa bima inayotakiwa kwa kawaida ni dola milioni 1.5. Jamaa anayelipa keshi na hana kibali cha hifadhi, we unaamini ana bima hiyo? Mwombe uione. Sio kwa ugomvi, mwambie tu bosi naomba kopi ya bima niwe nayo garini. Ukipata chenga za maneno umeshapata jibu, manake siku tairi ikipasuka kwenye ile barabara ya jangwani na watu 14 ndani, viumbe wa angani hawatakuja kutoa ushahidi mahakamani.

Na makaratasi yako ya uhamiaji, hapo Anko hagusi. Tafuta wakili wa uhamiaji kabla ya safari nyingine, sio baada, umweleze yote pamoja na hiyo keshi. Ungekuwa mwanangu wa kuzaa ningesema usiende safari ijayo, dola 180 utazipata kwa kubeba watu wanaokwenda kazini.

---

Anko habari za kazi. Mi na wenzangu hatuna kampuni, tuko kikundi cha watu kumi na kitu, tunapenda mambo ya anga. Tunataka kwenda kwenye ardhi ya BLM sio hifadhi ya taifa, tumeambiwa kule hakuna masharti. Hatutozi kiingilio, tunaomba michango tu, na mwongozaji wetu tunampa kitu kidogo cha asante. Hiyo nayo ni biashara?
*Mchango wa Hiari, Arizona*

Salama ndugu yangu. BLM ni wale wasimamizi wa ardhi ya serikali kuu, wana ekari kama milioni 245, nyingi huko magharibi, na ni kweli wana mkono mlegevu kuliko hifadhi za taifa, unaweza kupiga kambi sehemu nyingi hadi siku 14 bila kulipa. Ila kulegea sio kutokuwepo. Wana kibali chao cha shughuli za burudani na jinsi walivyoeleza neno biashara utadhani walikaa na kila mjanja mmoja mmoja wakamsikiliza. Kupokea hela au hata vitu au huduma kama malipo kutoka kwa washiriki, ni biashara. Kutangaza kwa kulipia ili upate washiriki, ni biashara. Washiriki wakilipa huku wakitegemea uwalinde usalama wao, ni biashara. Na kampuni iliyoundwa kutafuta faida inahesabiwa ya kibiashara hata kama safari hiyo haikuingiza faida, hata kama kampuni nzima inakula hasara, kwaiyo ile ya jamani sisi hatujapata kitu haisaidii.

Mlichobakiziwa ni kugawana gharama halisi. Mafuta ya gari dola 90, maji, vyakula, mnagawana kichwa kwa kichwa, hamna tatizo. Kile kitu kidogo cha asante kwa mwongozaji ndo kinawatoa nje ya mstari. Aidha aje kama mmoja wenu alipe sehemu yake ya mafuta kama wengine, au mkaombe kibali. Afu pigieni simu ofisi ya BLM ya eneo mnalokwenda kabla hamjafika, manake maeneo mengine wana vibali hata kwa vikundi visivyo vya biashara na nyie mkiwa wengi wanaweza kuwataka mjiandikishe. Na mkihamia kwenye msitu wa taifa, Idara ya Misitu nayo ina mlango wake, wasiolipana wakifika watu 75 wanatakiwa kibali, na anayeuza huduma anatakiwa hata akiwa na mteja mmoja.

Kuna kitu mashabiki wa mambo haya wengi hawakijui na mi nakipenda sana. Nyumbani kwa hii desturi ya kwenda jangwani kuwaita ni Giant Rock, jiwe moja kubwa kama jengo la ghorofa karibu na Landers, California, jangwa la Mojave. Mzee mmoja George Van Tassel alikuwa anakaa pale, akawa anafanya meditesheni chini ya jiwe na akasema anapokea ujumbe, na kuanzia miaka ya 1950 akaita mikutano ya watu wa visahani, maelfu wakawa wanamiminika kwa magari na kwa ndege ndogo. Ardhi ya jiwe lile ilikuwa ya serikali, na Van Tassel alikuwa ameikodisha, ana uwanja mdogo wa ndege na mkahawa pale. Yani babu yao wote, aliyekuwa akisema anaongea na watu wa Zuhura, alienda kwanza kuchukua karatasi serikalini. Wajukuu wanasema karatasi ni za nini.

---

Anko, nimeumia. Nililipa dola 1,950 kwa semina ya kuwasiliana na UFO, usiku wa pili marenja wakaja wakatutawanya, mwongozaji akaandikiwa karatasi, siku tatu zilizobaki hazikufanyika. Nikaomba hela yangu wananambia fomu niliyosaini inasema hairudishwi. Nilitumia kadi ya mkopo. Pia nasikia na sisi washiriki tunaweza kushtakiwa, kweli?
*Nimetapeliwa au?*

Pole sana dada. (Nimejua dada kwa mwandiko, nisamehe kama nimekosea.) Kuhusu kushtakiwa punguza presha. Mshiriki aliyelipa akiamini mambo yako sawa kwa kawaida sio anayetafutwa, karatasi inakwenda kwa anayefanya biashara. Isipokuwa kama we mwenyewe uliwasha droni, manake droni zimepigwa marufuku kwenye hifadhi za taifa tangu 2014, au ulipiga leza, hiyo nakuja nayo chini.

Kuhusu hela, ile hairudishwi inahusu wewe ukibadili mawazo, mi nionavyo haiwezi kumlinda mtu aliyekuuzia kitu ambacho hakuwa na ruhusa ya kukitoa. Sheria ya kadi za mkopo Marekani inakupa haki ya kupinga malipo ya huduma ambayo haikutolewa kama mlivyokubaliana, ila uandike barua ifike ndani ya siku 60 tangu walipotuma taarifa ya kwanza yenye malipo hayo, kwaiyo usikae unalia, leo leo angalia tarehe. Piga simu kwanza, afu andika kwa maandishi, ambatanisha tangazo lao lenye ratiba ya siku tano, risiti, na maelezo mafupi kwamba siku tatu hazikufanyika kwa sababu mwandaaji hakuwa na kibali. Usianze kubishana kama vyombo vilikuja au havikuja, benki haina msimamo kwenye hilo na utawachanganya. Siku tatu kati ya tano, basi. Benki wakikataa, peleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha walaji, na kuna mahakama ya madai madogo ambayo huhitaji wakili.

Na safari ijayo kabla hujalipa, waandikie swali moja tu: kibali chenu namba ngapi na kimetolewa na ofisi gani? Hifadhi nyingi zinaweka kwenye tovuti zao orodha ya wenye vibali, unalinganisha jina, dakika tano umemaliza.

---

We Anko unawabeza watu wanaoamini. Leza hazidhuru kitu, ni mwanga tu, na mi nimeshuhudia kwa macho yangu mwanga ukijibu nilipomulika. Kukaa kimya jangwani kunaharibu nini? Serikali inaficha mambo ndo mana inaleta masharti.
*Nimeona*

Ndugu Nimeona, karibu, na sijakubeza, ulichokiona umekiona. Ninachobisha ni mtu mwingine kukuuzia maana ya ulichokiona.

Leza kwanza manake hiyo inaua. Kumulika ndege kwa leza Marekani ni kosa la jinai la serikali kuu tangu 2012, kifungo hadi miaka 5, na mwaka 2023 marubani walitoa taarifa 13,304 za kumulikwa. Sasa fikiria unamulika kitu usichokijua ni nini, na ndo maana nzima ya UFO, hujakijua. Baadhi ya taa unazoziona jangwani zina rubani ndani. Anga la Death Valley, hifadhi ya taifa ya jangwani kule California, na majirani zake ni uwanja wa mazoezi wa ndege za kivita, wanaruka chini chini mabondeni, na tarehe 31/7/2019 ndege moja ya jeshi la majini ilianguka kwenye bonde moja maarufu mle ndani ya hifadhi, rubani akafariki na wageni 7 waliokuwa wanatazama wakaumia. Hiyo haikuwa leza, usinielewe vibaya, nakwambia tu ni nani yuko juu yako usiku ukibonyeza kile kidude.

Halafu hao wanajeshi wana fataki za mwanga zinazoshuka na parachuti, taratibu, zinaning'inia angani kwa mstari, ukiziangalia kutoka mbali utaapa ni chombo kimoja kikubwa. Tarehe 13/3/1997 pale Phoenix maelfu ya watu waliona taa, na zile za saa nne usiku zilikuja kujulikana ni fataki za ndege za mazoezi juu ya uwanja wa kijeshi wa Barry Goldwater. Ongeza Starlink, tangu Mei 2019 wanarusha setilaiti kwa mafungu zinatembea kama treni ya taa, mtu akiiona mara ya kwanza anapiga magoti. Setilaiti ikikamata jua inawaka ghafla sekunde kadhaa na kuzima, na kama ulikuwa umemulika leza sekunde hiyo utasema imenijibu, mi mwenyewe ningesema. Mwongozaji mwaminifu angekuja na ratiba ya setilaiti mkononi akwambie hii ni ile, hii ni kituo cha anga za juu, hii sijui. Akikwambia kila taa ni wao, shika pochi yako.

Serikali kuficha, sawa, serikali zinaficha mambo mengi. Jeshi lao la anga lilikusanya kesi 12,618 kati ya 1947 na 1969 na 701 wakaziacha bila maelezo, hawakuzifuta wala kuzijaza uongo, zipo. Ripoti ya wizara ya ulinzi ya Machi 2024 ikasema hawajapata ushahidi wa teknolojia ya viumbe wa nje. We unaweza kukataa ripoti hiyo, ni haki yako. Lakini kibali cha biashara anadaiwa pia mwenye farasi wa kukodisha na mwalimu wa yoga, na sijasikia farasi akisema anafichwa kitu.

Umeuliza kukaa kimya kunaharibu nini. Kukaa hakuharibu. Kutembea gizani watu ishirini bila tochi, kwa sababu mmeambiwa tochi zinafukuza vyombo, ndo shida. Kwenye majangwa yale udongo una ngozi hai juu yake, nyeusi nyeusi yenye vinundu, ni vijidudu na kuvu na vimea vidogo vidogo vimeshikana vinazuia udongo usipeperuke, mtu akikanyaga mara moja inachukua miaka, mingine makumi ya miaka, kurudi. Usiku huioni. Kule Mount Shasta kwenye msitu wa taifa kuna mbuga ndogo za milimani zinaitwa Panther Meadows, chemchemi yake ni takatifu kwa kabila la wenyeji wa asili, Winnemem Wintu, na watafuta roho wa kila aina wamekanyaga na kuacha vitu vyao pale mpaka imekuwa kazi ya kudumu kupaponya. Wenyewe wenye mahali waliabudu pale karne na karne, hawakuuza tiketi. Na kuna jirani yako aliyepiga kambi kuja kuona giza, manake Death Valley ilitambuliwa kama hifadhi ya anga la giza 2013 na Joshua Tree 2017, yeye nae amesafiri, we unamchorea mistari ya kijani angani usiku kucha.

---

Anko mi nataka kufanya kwa njia halali. Nina ujuzi wa nyota, nataka kuongoza watu usiku, sitaahidi UFO ila sitakataza mtu kutumaini. Nianzie wapi?
*Mtumaini*

Mtumaini, hapo kwenye sitaahidi umeshaanza vizuri. Njia rahisi kuliko zote ni ardhi ya mtu binafsi. Kule Colorado, bonde la San Luis, jirani na hifadhi ya taifa ya Great Sand Dunes, kuna jukwaa la kutazamia UFO limesimama tangu mwaka 2000 kwenye ardhi binafsi, watu wanalipa kidogo wanapanda wanaangalia, wanaacha vitu vyao vya kumbukumbu bustanini, hakuna renja anayekuja kuuliza, na anga ni lile lile la hifadhi iliyo jirani. Ongea na mwenye shamba, andikianeni mkataba, kata bima.

Ukitaka lazima iwe hifadhini, ingia tovuti ya hifadhi yenyewe utafute ukurasa wa vibali vya biashara, manake kila hifadhi ina orodha ya shughuli inazozikubali na kutazama nyota ipo kwenye baadhi, kuita vyombo sidhani, jaza kile unachofanya kweli. Anza mapema, miezi kabla, usitangaze tarehe kabla ya karatasi kuwa mkononi. Na usije ukaandika kwenye fomu kutazama nyota afu kwenye tangazo ukaandika mawasiliano na viumbe, manake kitu cha kwanza renja anachofanya sio kukuvizia kwenye kichaka, anafungua simu anasoma tangazo lako.

---

Anko la mwisho fupi, we mwenyewe umewahi kuona?
*Mdadisi*

Mara moja, taa ya rangi ya chungwa, imesimama tuli juu ya mlima, nikamwamsha mke wangu. Akaangalia kidogo akasema hiyo Zuhura, akarudi kulala. Nilikaa nayo mpaka ikazama, na nilikuwa na furaha ile ile.